Bunduki Iliyokuwa Inavuja Kila Asubuhi

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Umenipigia simu kutoka Dodoma ukaniambia kwamba hapo uwanjani unapofanya kazi, hapo watu wazima wanapolipa hela ili wapigane risasi za rangi (mambo mengine nawaachia wenyewe), bunduki moja inavuja hewa. Umebadilisha mipira yote ya kuzuia hewa, jioni unaiacha nzima, asubuhi unaikuta inavuja. Bosi ameanza kukutazama kwa jicho la pembeni. Ukauliza, "Baba, wewe si uliwahi kuzishika hizi?" Nilizishika, mwanangu. Moja tu, na iliniaibisha mbele ya kijiji kizima. Salio la simu halitoshi kwa habari ndefu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Wakati huo tulikuwa Issuna, mimi na bibi yako, kabla sijahamia huku Mandewa. Babu yako alikuwa ameshafariki. Baba mkubwa, kaka yake, alikuja baada ya matanga akachukua ng'ombe wote zizini, akasema anakwenda kuwatunza. Akawatunza mnadani. Sisi tukabaki na mbuzi na jogoo mmoja mwenye kiburi. Na mimi nilikuwa nimeshampenda binti mmoja wa Unyambwa, ambaye leo unamwita mama. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za mvua, kisha akauliza habari za ng'ombe. Nilijibu habari za mvua.

Basi katika hali hiyo ndipo alipofika bwana mifugo mpya. Alitoka mkoa mwingine, mtu mwema, mwenye haraka, asiyekaa akamaliza kikombe cha uji. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa homa ya mapafu vijiji vya jirani, na yeye alileta chanjo ndani ya sanduku la barafu. Alileta pia bunduki ya rangi. Nyeusi, yenye kikombe juu cha kuwekea gololi za rangi, na mtungi mdogo wa gesi umefungwa nyuma. Miaka iliyopita ng'ombe waliochanjwa tulikuwa tunawapaka rangi kwa brashi, na ng'ombe akishachomwa sindano anatoka mbio, kwa hiyo waliopakwa rangi zaidi walikuwa wapakaji. Sasa ningesimama mbali, nivute triga, gololi ipasukie ubavuni, basi. Nasema ningesimama mimi, kwa sababu nilikuwa najulikana kwa kuziba pancha za baiskeli, na kwa bwana mifugo hiyo ilitosha. Akaniambia nikifanya vizuri hapa Issuna atanichukua nimsaidie wilaya nzima. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimeshaoa kichwani.

Kwenye mkutano wa kijiji akatangaza utaratibu wake. Ng'ombe wa mwenye zizi atapigwa gololi nyekundu. Ng'ombe aliyewekwa hapo na mtu mwingine atapigwa ya njano, na jina la mwenyewe litatajwa. Alikuwa na sababu nzuri tu: mnyama akiugua baada ya sindano, mwenyewe apatikane haraka. Akauliza kama kuna swali. Wazee wakatazama fimbo zao. Mmoja akakohoa. Hakuna aliyeuliza, na mimi nikajua wamekubali. Nilidhani mtu ambaye hajasema ndiyo wala hapana amesema ndiyo.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo hapa nikueleze. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwake. Anampelekea rafiki wachache, na rafiki mwingine wachache. Rafiki anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na anafunga mdomo. Ugonjwa ukiingia zizi moja, wengine wanapona. Ndugu wakianza kupigia hesabu mali yako, wanaona nusu. Huyo aliyewekewa hatamki ni ng'ombe wa nani. Wala hawezi kusema mbele ya watu kwamba ni wake, maana akishasema hivyo na watu wakasikia, amemdhulumu mwenzake. Mambo haya nilikuwa nayajua tangu mdogo. Ila kichwa cha kijana kikishaingiwa na bunduki, mengine yanasubiri nje.

Jioni ya kwanza tu nikasikia inalia. Ssss, hivi. Lakini unaujua upepo wetu, unapiga tangu kucha mpaka kuchwa, na kwenye kona ya nyumba nao unalia hivyo hivyo. Nikatoka nje nikasikiliza, nikaingia ndani nikasikiliza, nikaziba sikio moja. Sikujua kama inayolia ni bunduki, ni paa, au ni mimi mwenyewe. Mwisho nikafanya ninavyofanya kwa tyubu ya baiskeli, nikapiga povu la sabuni nikalipaka kwenye kila kiungo. Pale mtungi unapoingia kwenye bunduki povu likaanza kuvimba. Nikafungua, nikakuta oringi imepasuka, kile kipete cha mpira kinachokaa mdomoni mwa mtungi. Vya akiba vilikuwepo kwenye pakiti. Nikaweka kipya, nikafunga, kimya. Nilifurahi mno.

Bibi yako alikuwa anapepeta uwele mlangoni. Nikamwita aje aone. Nikamweleza kwa mapana, maana hakuna mtu anayependa kueleza kama aliyejifunza jambo muda huo huo. "Mama, unaona hiki kimpira? Kidogo hivi, lakini kikikosekana hewa yote inakwisha." Akakishika, akakigeuza, akasema, "Kumbe." Akarudi kwenye ungo wake.

Asubuhi mtungi mtupu. Nikafungua: oringi haipo. Haikupasuka wala kukatika, haipo kabisa. Nikapekua sakafu, nikakung'uta blanketi, nikaanza kujiuliza kama kweli niliiweka au niliota. Nikaweka nyingine, nikapanda baiskeli mpaka mjini kwa fundi wa mitungi ya kuzimia moto, akanijazia gesi. Bwana mifugo akasema haya, tuanze kesho. Jioni nikapaka povu kila mahali, kimya. Safari hii mama mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Na huku mbele, baba, hewa haiwezi kutokea?"

Nikafurahi kuulizwa. Nikaufungua mwili wote wa bunduki, ni pini moja tu ya kuchomoa kwa vidole, nikamwonyesha valvu, yaani kale kamlango ka hewa kanakofunguka ukivuta triga na kujifunga kenyewe. Nikamwambia ukisikia hewa inatokea mdomoni mwa mtutu, ujue kamlango hakafungi vizuri, na hata chembe ya mchanga inatosha kukazuia. Akasema, "Chembe tu?" Nikasema, "Chembe tu, mama." Tukala mlenda tukalala.

Asubuhi hewa ilikuwa inatokea mdomoni mwa mtutu.

Nikafungua, na ndani ya valvu, pale kwenye kitako chake, nikakuta punje ya uwele. Moja, safi, imekaa katikati. Sasa fikiria, mwanangu, kijana mwenye akili timamu anakuta punje ya uwele ndani ya chuma kilichofungwa kwa pini. Alitakiwa kufikiri nini? Mimi nilifikiri panya. Nikaenda kuazima mtego kwa jirani, nikautega kando ya bunduki, na mama akanishikia mtego nikiutega.

Bwana mifugo akaanza kukasirika. Barafu ilikuwa inayeyuka, na dawa isipokaa kwenye baridi inaharibika. Vijana kijiweni wakanipa jina la Bwana Ssss. Ikawa kila nikipita wanalia ssss kwa meno. Nilivumilia, lakini ndani nilikuwa naumia, maana niliona Unyambwa inakwenda mbali. Jioni nikalainisha mipira kwa mafuta yaliyokuja na bunduki, nikamwambia mama kwamba hii mipira haitaki mafuta mengine, ukiiwekea mafuta ya kula inanata na kukwama. Sijui kwa nini nilimwambia. Yeye hakuuliza. Asubuhi sehemu zote za ndani zilikuwa zinanata na zinanukia alizeti. Na mimi, nakuapia, nilikaa kwenye kigoda nikajinusa mikono, nikasema labda ni mimi. Labda niliamka usingizini nikapaka mwenyewe. Nilifikia hapo.

Nikasafisha kila kitu kwa kitambaa na maji ya moto, nikaenda kujaza gesi tena. Jioni hiyo sikumweleza mtu. Nilikuwa nimechoka kueleza. Nikaifunga bunduki kwenye shati langu, nikailalia. Bibi yako akaliangalia lile shati, akaniambia tu nisisahau kufunga mbuzi. Asubuhi ikawa kimya. Nikapiga gololi moja kwenye ukuta wa choo, ikapasuka vizuri, na doa lake lilikaa pale miaka mingi.

Zizi la kwanza lilikuwa la Mzee Njiku, rafiki wa babu yako tangu utoto. Ndilo lilikuwa zizi kubwa. Watu walijaa, wanaume wameegemea uzio, wanawake upande wa pili na vibuyu vya maji. Baba mkubwa naye alikuwepo, amevaa koti, amesimama mahali pazuri pa kuona. Nikawaamkia wote, shikamoo kwa kila mkubwa, bunduki mkononi, nikasimama mahali pangu.

Ng'ombe wakaanza kupita kwenye uchochoro wa magogo mmoja mmoja. Anachomwa sindano, bwana mifugo anauliza, "Wa nani?" Mzee Njiku anasema, "Wangu." Mimi napiga nyekundu. Wangu, nyekundu. Wangu, nyekundu. Nilikuwa sijakosa hata mmoja, na bwana mifugo alinigeukia akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Kisha akaingia jike mmoja mwekundu, pembe moja imepinda mpaka karibu na jicho, na ndama wake nyuma. Akachomwa sindano.

"Wa nani?"

Mzee Njiku akatazama chini. Akachezea kirungu cha fimbo yake. Bwana mifugo akauliza tena, kwa heshima, maana yule alikuwa mtu mwema. "Mzee wangu, huyu ni wako, au umewekewa? Sema tu, tupige njano, tuandike jina." Baba mkubwa akatoa mikono mfukoni akasogea, akamwangalia yule ng'ombe, akamwangalia ndama. Nikamwona Mzee Njiku anavyotokwa jasho asubuhi ya upepo. Kusema wangu hawezi. Kutaja jina hataki. Na mimi nilikuwa nimeshabadilisha gololi, ya njano iko tayari, nimeinua bunduki.

Hapo ndipo nilipomwona mama. Alikuwa katikati ya wanawake, kibuyu kichwani. Alifungua fundo la pindo la khanga, lile ambalo wanawake wanafungia vitu vyao, akatoa kitu akakiweka kwenye kiganja, akanyoosha mkono kidogo tu kunielekea. Oringi. Kile kimpira cheusi kilichopotea asubuhi ya kwanza.

Mwanangu, nisikudanganye kwamba nilielewa. Watu wanaosimulia habari za namna hii husema hapo macho yao yakafunguka. Yangu hayakufunguka. Nilijua jambo moja tu, kwamba aliyekuwa anaiharibu bunduki yangu ni mama yangu, na kwamba mama yangu hajawahi kuniharibia kitu. Hayo mawili sikuweza kuyaweka pamoja. Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa wakati mmoja. Niliona kazi yangu, wilaya nzima, mama yako amekaa Unyambwa anasubiri. Na niliona mkono wa mama bado umenyooka kunielekea, mkono ambao haujawahi kuniomba kitu.

Nikashusha bunduki. Nikaupeleka mkono nyuma kwenye mtungi, nikaulegeza. Gesi ikatoka kwa kishindo, ng'ombe wakaruka, baridi ikaniunguza vidole. Nikashikilia hivyo hivyo mpaka ikaisha yote.

"Inavuja," nikasema.

Kicheko kilichotoka pale hujawahi kukisikia. Baba mkubwa alicheka mpaka akashika uzio, akawaambia watu, "Mtoto wa mdogo wangu, fundi wa kupoteza upepo!" Akasahau ng'ombe kabisa. Bwana mifugo akaninyang'anya bunduki, akaitupa kando ya sanduku la barafu. Barafu haikusubiri. Likaletwa kopo la rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya ofisi ya kijiji, rangi moja tu, nyekundu, na brashi. Ng'ombe wote wa Mzee Njiku wakapakwa nyekundu, wa kwake na wasio wa kwake, na mwenye kuuliza wa nani hakuwepo tena maana wote walikuwa wanakwepa mateke. Mazizi yote ya Issuna yakafanywa hivyo. Wote wakachanjwa, na mimi kazi ikaniishia siku hiyo hiyo.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshasonga ugali. Nikakaa chini. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini?" Akanipa maji ya kunawa kwanza. Ndipo akaniambia kwamba yule jike mwenye pembe iliyopinda ni mtoto wa ng'ombe ambaye baba yangu aliwekesha kwa Mzee Njiku mwaka niliozaliwa, na kwamba si huyo peke yake. Walikuwa wangu. Aliwanyamazia tangu matanga, kwa sababu siku baba mkubwa angejua angewafuata na hao.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia, ungetembea kama mwenye ng'ombe. Baba mkubwa wako angekuona unavyotembea."

Nikamwuliza basi habari ya mkutano, kwa nini hakuna aliyesema. Akanikemea hapo, na hili ndilo kemeo ninalokupa leo. Alisema, "Wazee walinyamaza mbele ya macho yako. Ukaona kimya, ukaenda kutafuta sabuni. Wewe kila tundu unalolikuta unaziba. Hujawahi kuuliza limetobolewa na nani, wala kwa nini."

Nikamega tonge. Baadaye nikauliza na ile punje, aliiingizaje pale bila kukwaruza kitu, maana mimi mwenyewe kwa koleo ndogo nilihangaika kuitoa. Akaniangalia kwa mshangao kabisa. "Punje gani? Mimi nimetoa kimpira tu." Na mafuta ya alizeti? "Mafuta gani, baba? Mafuta yenyewe yalikuwa yamekwisha." Nilimwuliza tena mwaka uliofuata. Nilimwuliza siku ya harusi yangu. Nilimwuliza akiwa kitandani siku zake za mwisho, kwa utani, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Nenda kaulize panya." Mpaka leo sijui. Kuna siku naamini ni yeye, kuna siku naamini alikuwa na mwenzake, labda Mzee Njiku mwenyewe. Na kuna siku moja moja, nisemeje, naamini ni panya.

Sasa shika ninayokwambia. Kesho ukifika kazini, anza na sabuni, maana mara nyingi kitu kinachovuja kimeharibika tu, usimtuhumu mtu bure. Anzia mdomoni mwa mtungi, nenda kwenye viungo, malizia mdomoni mwa mtutu, na mafuta weka yale yale ya kwake. Lakini ukiiacha nzima jioni ukaikuta mbovu asubuhi, na tena, na tena, weka bisibisi chini. Kaa. Jiulize nani anabaki na funguo, na anaogopa nini bunduki hiyo ikipona. Labda ni mvivu tu. Labda ni mtu ana shida ambayo hawezi kuisema kwa bosi. Mwendee peke yake, msalimie, muulize kwa upole, na usimtaje mbele ya watu kabla hujajua unamtoa sadaka kwa ajili ya nini. Na mkutano wowote utakaokaa, wenye umri wakitazama chini wakakohoa, usiandike kwamba wamekubali. Wafuate nyumbani kwao. Na akitokea mtu ambaye hajawahi kukutendea vibaya amesimama kwenye njia ya kazi yako, simamisha mkono kwanza, uelewe baadaye. Utachekwa. Mimi nilichekwa, na kijiweni Bwana Ssss nilikuwa mpaka nahama.

Mvua zilipokatika nilikwenda Unyambwa tena. Babu yako wa kule akanipa kiti, akaniuliza habari za mvua, akauliza habari za ng'ombe. Safari hii nilimjibu zote mbili. Yule jike mwenye pembe iliyopinda ndiye aliyeongoza wenzake kuingia zizini kwao kama mahari, nyekundu ya brashi bado ipo ubavuni, imefifia, na mama yako alisimama mlangoni akiangalia. Wewe unatoka hapo, mwanangu.

Mungu akulinde huko Dodoma. Akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza, akupe mtu wa kukufungia siri zako kwenye pindo la khanga yake, na mikono yako isikose kazi. Na hiyo bunduki ikipona, au isipopona, nipigie.